Majani ya Bonde la Halipo

Mtu wa Katindiuka, pale Ifakara, anayeitwa Leodegar hajawahi kufukuzwa kazi maishani mwake. Ni kazi ndizo huondoka na kumwacha amesimama. Alikuwa utingo wa lori, lori likauzwa. Alikuwa mpiga kengele wa kigango, kengele ikapata ufa. Akawa fundi wa kuandika vibao, na hapo alidumu miaka kumi na minane, maana Ifakara ina maduka mengi, na jua la bondeni hufuta rangi ya kibao kabla mwenye duka hajasahau jina la fundi. Darasani alifika la sita. La saba, kwa maneno yake mwenyewe, lilimwogopa.

Habari hizi zimeandikwa na mtu aliyekuwa naye tangu siku ya kubatizwa, akala naye, akalala naye, na aibu zake zote akazibeba yeye. Kwa hiyo msomaji asidhani Leodegar anaonewa. Yanayosemwa hapa ni robo.

Mwishoni mwa mwaka 1998 ilifunguliwa pale mjini ofisi ya mradi wa matumizi ya ardhi, na Leodegar akaitwa kuandika kibao chake. Mratibu wa mradi, Bwana Theodori, mtu mpole wa Mang'ula, alikuwa na huzuni. Alikuwa ameitisha semina ya wakulima na wafugaji akawatandikia ramani ya kweli ya bonde. Kila mtu aliweka kidole kwenye shamba lake, mwingine akaweka kidole juu ya kidole, na ilipofika saa nane mchana ramani ilikuwa imechanika kando ya mto, nusu wameondoka nayo wakulima, nusu wafugaji. Sasa alitaka ramani ya bonde lisilokuwepo duniani. Watu wagombanie kwanza nchi isiyo na mwenyewe, wajifunze kupatana, ndipo warudi kwenye ya kwao. Jina alikuwa ameshalichagua: Bonde la Halipo.

Leodegar, brashi mkononi, alisema kutoka juu ya ngazi kwamba ramani hiyo anaiweza.

"Utaiwezaje na nchi yenyewe haipo?" akauliza Bwana Theodori.

"Ndiyo maana nitaichora vizuri. Nani atanikosoa?"

Mratibu alieleza kuwa lazima ichorwe kwenye kompyuta, ili wakitaka kuhamisha njia au kisima wahamishe bila kuanza upya. Akamuuliza kama kompyuta anaijua. Leodegar akajibu kwamba walikutana Morogoro. Na kweli walikutana: yeye alikuwa nje ya dirisha la benki, yenyewe ilikuwa ndani, imezimwa.

Wakakubaliana miezi mitatu ya majaribio. Ramani ikikamilika na semina ikienda vizuri, atapewa barua ya ajira ya kudumu, mchoraji wa mradi, mtu wa kukaa kwenye kiti. Mwenye akili angenyamaza na kungoja barua. Leodegar alikwenda kilabuni jioni hiyo hiyo, akasimama katikati ya watu, akamkabidhi Fransisko, fundi mwenzake ambaye walikuwa wakinyang'anyana wateja, brashi zake zote saba na rula yake ya mninga. Akatangaza kuwa yeye na rangi ya kopo basi. Fransisko alizipokea kwa mikono miwili na kesho yake akazitumia kwa wateja wa Leodegar. Mkewe, Balbina, aliposikia aliuliza jambo moja tu: barua iko wapi? Akaambiwa iko njiani.

Basi ikawa hivyo. Barua isipofika, hakuna pa kurudi.

Kompyuta ya mradi ililindwa na Merina, katibu muhtasi, binti wa dada yake Leodegar. Jenereta iliwashwa saa tatu, ikazimwa saa saba, na katika saa hizo nne Merina aliandika barua zake kisha akamfundisha mjomba wake. Alimfundisha kwa heshima, shikamoo kwanza, halafu hakumwonea huruma hata kidogo. Siku ya kwanza Leodegar alivuta mstari mmoja kwa kipanya, kisha akakigeuza tumbo juu na kukifuta kwa kitambaa, kama afanyavyo brashi. Mstari wa pili, akakifuta tena. Merina alimwacha mpaka mstari wa tisa.

Milima ya kwanza ya Halipo ilitoka kama maandazi kwenye sinia, yote sawa, yote yamepangwa. Mto ulishuka vizuri, ukagawanyika mara mbili, kila tawi likaenda zake. Merina akasema mito hukutana ikishuka, haiachani. Leodegar akamwambia asimfundishe mto, Kilombero yenyewe huachana. Merina akajibu kwamba Kilombero huachana halafu hurudiana, huu wa mjomba ulikuwa umeachana moja kwa moja na vyombo umegawana. Leodegar akaurudisha.

Kwenye nyasi ndiko alikotaka kuonyesha ufundi. Alichora shina moja la nyasi, zuri, lina majani matano, akagundua kwamba mashine inaweza kunakili. Alinakili siku nne. Bonde zima likajaa shina lile lile, safu kwa safu, akaita watu wa ofisi nzima waje waone. Merina alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa.

"Mjomba, hii nchi inavaliwa."

Na kweli, lilikuwa kitenge. Jicho lilikuwa linakimbia kwenye safu, halioni nyasi, linaona maua ya nguo. Ikabidi ajifunze kuvuruga: mashina sita badala ya moja, hili limegeuzwa, lile limepunguzwa, hapa yamebanana, pale pana upara. Iliuma, kwa sababu miaka kumi na minane alikuwa akisifiwa kwa herufi zinazofanana.

Halafu Merina akauliza jua la Halipo liko wapi. Leodegar akasema liko juu, kama la kila mahali. Merina akamwonyesha mlima wenye kivuli kushoto, na jirani yake wenye kivuli kulia. Nchi ilikuwa na majua mawili yanayotazamana, wakazi wake wangekuwa wamekwisha kuungua. Kuanzia siku hiyo Leodegar alibandika kipande cha karatasi chenye jua la penseli kwenye kona ya kioo cha kompyuta, juu kushoto, na kila mlima ukawekewa mwanga upande huo na kivuli upande wa pili. Ghafla maandazi yakainuka. Kulikuwa na mabonde madogo katikati, na matuta, na mahali ambapo mtu angeweza kupumzika akipanda. Leodegar alikaa kimya karibu dakika nzima. Walioshuhudia wanasema haijawahi kutokea tena.

Kilichompa kiburi kupita kiasi ni skana, mashine ya kuingiza picha ya karatasi kwenye kompyuta. Merina aliitumia kunakilia barua za serikali. Leodegar aliinua kifuniko, akalaza gunia tupu, na kwenye kioo cha kompyuta likatoka shamba lililolimwa. Akalaza kipande cha ngozi ya ng'ombe, vikatoka vilima vya kiangazi. Gome la mti likawa miamba, pumba za mpunga zikawa mchanga wa mtoni. Alileta hata bonge la udongo wa mbuga uliopasuka, na mkwaruzo wake uko kwenye kioo cha skana ile mpaka leo. Baada ya hapo Merina hakuruhusu kitu kilale pale bila nailoni chini yake.

Alijifunza pia tabaka, yaani kulaza picha moja juu ya nyingine. Udongo unawekwa kwenye tabaka la chini, nyasi juu yake zikiwa na matundu, ili udongo uchungulie kama unavyochungulia kweli. Leodegar alipenda tabaka kwa sababu ukikosea unalificha moja, mratibu haoni. Na kingo alizilainisha mwenyewe, bila kufundishwa, kwa sababu hilo alilijua kwa miguu: mbuga haianzi kama ukuta, huanza kwa nyasi mbili tatu zinazouliza njia.

Ilibaki tambarare, yaani moyo wa bonde, nusu ya ramani nzima. Ilikuwa mwezi wa pili na nyasi za porini zilikuwa nene na ndefu. Zikilazwa kwenye skana zilionekana kama nguzo. Alihitaji jani jembamba, laini, la kijani mbichi. Na jani hilo lilikuwepo hatua ishirini kutoka kitandani kwake, nyuma ya nyumba, kwenye kitalu cha mpunga cha mkewe.

Alichukua mkasi wa Merina asubuhi Balbina akiwa kisimani. Alikata kiasi cha kujaza kioo. Majani yakanyauka kwa joto la mashine, akarudi kesho yake. Yakatosha nusu, akarudi mara ya tatu. Kilichobaki kwenye kitalu kilikuwa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi aliyeitwa katikati ya kazi kupokea wageni.

Balbina alipoona alishika kichwa. Ng'ambo ya kijito alikuwa anakaa Bibi Mbuke, mjane wa Kisukuma, mama mtu mzima mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na alama za kwato za ndama wake zilikuwa zimeonekana pale matopeni. Miche ilikuwa imekatwa sawasawa kama kwa mkasi, lakini mwenye hasira hapimi. Balbina alivuka kijito, akasema yaliyosemwa. Bibi Mbuke hakubishana. Alimfunga ndama kwenye mti, na jioni akatuma kibuyu cha maziwa ya mgando kuomba radhi.

Leodegar alikuwa mezani kibuyu kilipoingia. Alikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Alisema, "Ndama wa siku hizi hawana adabu," kisha akanywa vikombe viwili.

Semina ilikuwa siku tisa baadaye. Printa ya ofisi ilitoa karatasi ndogo tu, kwa hiyo Halipo ilichapwa vipande ishirini na vinne, Merina akaviunganisha kwa uji wa sembe na kuibandika ukutani ukumbini. Wakulima walikaa kushoto, Balbina akiwa miongoni mwao, na mbele yao Mzee Amedeus, mzaliwa wa upande wa Mahenge aliyelima bondeni miaka arobaini. Wafugaji walikaa kulia na Bibi Mbuke. Barua ya Leodegar ilikuwa imeshachapwa, imo kwenye faili la bluu kwapani mwa Bwana Theodori, inangoja sahihi tu. Leodegar alikuwa ameliona hilo faili. Alikuwa amevaa shati la Pasaka.

Watu waliiangalia ramani. Mmoja aliinuka akaenda kuigusa milima. Leodegar alitazama dari kama mtu ambaye hajui chochote.

Mratibu akawapa uzi mwekundu na pini. Akauliza ng'ombe wa Halipo wapite wapi kwenda mtoni. Bibi Mbuke alisimama, akavuta uzi kutoka vilimani, akauteremsha kwenye tambarare mpaka majini. Kabla hajachoma pini ya mwisho, Mzee Amedeus alikuwa ameshafika ukutani.

"Mama, umepita kwenye mpunga."

"Hii ni nyasi, baba."

Mzee Amedeus alivua miwani, akasogeza pua mpaka karibu na karatasi. Akasema ni mpunga, wa wiki tatu, bado wa kitaluni, umebanana, tena ulipaswa kuhamishwa wiki iliyopita. Wakulima wote wakaja kutazama, wote wakakubali. Kisha wakaona jambo lingine: tambarare nzima, kutoka mlimani mpaka mtoni, hakuna pengo. Bonde lote la Halipo lilikuwa shamba lao. Wafugaji wakasema la hasha, basi lote ni malisho. Sauti zikapanda. Mtu akavuta uzi, mwenzake akaurudisha. Mtu wa Mngeta aliapa kuwa hatatoka Halipo mpaka atolewe na polisi.

Leodegar, kwa aibu yake inabidi isemwe, alifurahi. Alidhani wanagombania uzuri. Alipotazama pembeni ndipo alipomwona Bwana Theodori amelifungua faili la bluu, anaitazama barua, na kuilaza tena kifudifudi.

"Leodegar," akasema mratibu, na ukumbi ukatulia. "Wewe ndiye uliyechora. Hii ni nyasi au ni mpunga?"

Neno moja lilitosha. Angesema nyasi, wakulima wangenung'unika lakini semina ingeendelea, na mchana huo angekuwa na barua. Alifungua mdomo.

"Kitaalamu," akasema, "huu ni uoto."

"Uoto wa nini?" wakauliza pande zote mbili kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu semina ya kwanza.

Bibi Mbuke hakupandisha sauti. "Fundi, mimi hapa nimemfunga ndama wangu siku tisa kwa ajili ya majani. Hata yeye hajui hii nyasi au mpunga mpaka aonje. Wewe ulionja wapi?"

Hakuwa akimshuku. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Ndilo lililomkata Leodegar. Angemtuhumu, angekuwa na la kujibu. Ulimi wake haujawahi kukosa la kumjibu anayemtuhumu. Alimtazama Balbina kwenye benchi la wakulima. Balbina alikuwa haangalii ramani tena. Alikuwa anamwangalia yeye, halafu mkono wake wa kulia, kama anayepima upana wa mkasi.

"Ni mpunga," akasema Leodegar. "Ni wa mke wangu, wa kitaluni. Nilikata mimi, mara tatu. Ndama hana kosa."

Nje jenereta ilikuwa inaunguruma.

"Na maziwa?" akauliza Bibi Mbuke.

"Maziwa niliyanywa."

Kicheko kilianzia kwa wafugaji, kikavuka katikati ya ukumbi bila uzi wala pini, na Mzee Amedeus alilazimika kukaa chini. Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa pembe za vitenge. Balbina ndiye aliyekuwa hacheki. Aliinuka, akavuka upande wa kulia, akamsalimia Bibi Mbuke shikamoo kwa kupiga goti, jambo ambalo siku ya kuvuka kijito hakulifanya. Walizungumza kwa sauti ya chini. Kilichosemwa hakijulikani, ila mara mbili walimnyooshea Leodegar kidole, na mara zote mbili walikuwa wanaafikiana.

Bwana Theodori alikuwa mpole lakini si mjinga. Watu waliokuwa wanataka kushikana mashati walikuwa wamepata mtu mmoja wa kumcheka. Akawaambia kwa kuwa mchoraji amekula njama na mkasi, kesho kila upande ulete majani yake wenyewe, na ramani itajazwa upya mbele ya macho yao.

Walileta. Wafugaji walikuja na nyasi zinazopendwa na ng'ombe na zile anazozikataa, na matete ya mahali palipo na maji hata kiangazi. Wakulima walikuja na mpunga wa umri wote. Kila fungu lililazwa kwenye skana mwenyewe akiwa amesimama pale, akisimamia lisichanganywe. Merina ndiye aliyekaa kwenye kipanya, kwa sababu hakuna aliyetaka Leodegar akaribie jani lolote.

Palibaki kipande cha kando ya mto, na hapo wazee wawili walikwama tena. Mzee Amedeus alisema pale ni mpunga. Bibi Mbuke alisema mwezi wa nane hapana mpunga pale, yamebaki mabua, na ng'ombe huingia, na samadi yao ndiyo inayowastawishia wakulima mpunga wa mwakani. Mzee akasema hilo ni kweli, lakini yeye anazungumzia mwezi wa tatu. Mama akasema yeye anazungumzia wa nane.

Merina aliwasikiliza. Akaweka mpunga kwenye tabaka moja, akaweka chini yake tabaka la rangi ya gunia. Akabofya mara moja: masika, mpunga mtupu. Akabofya tena: mpunga ukaondoka, mabua yakabaki, na uzi ukapita. Akabofya tena, ukarudi. Mzee Amedeus alimwomba arudie mara sita. Ardhi ile ile, haikuongezwa hata hatua moja, na ilikuwa imewatosha wote kwa zamu.

Leodegar alikuwa amesimama mlangoni akiona. Miezi mitatu alikuwa ametumia tabaka kuficha makosa. Haikumpitia akilini kwamba nchi yenyewe ina tabaka, na kwamba yeye, aliyezaliwa humu, ndiye aliyepaswa kuiambia mashine. Alijisikia kama mtu aliyebeba ngazi mji mzima akitafuta kitu cha kupandia.

Barua zilitoka Ijumaa, mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Merina, mchoraji wa mradi. Ya pili ilikuwa ya Leodegar. Aliisoma kwa sauti mbele ya Balbina, polepole, kwa sababu alitaka kuisikia na kwa sababu maneno mengine yalikuwa marefu. Ilisema ameajiriwa kuwa msaidizi wa mchoraji, anayehusika na malighafi.

"Malighafi ndiyo nini?" akauliza Balbina.

"Majani."

"Ya nani?"

"Ya kuomba," akasema Leodegar. "Imeandikwa hapa, kwa idhini ya mwenye shamba. Mratibu amepigia mstari."

Jumatatu alifika kazini saa moja na nusu, kabla ya jenereta, akamkuta bosi wake mpya ameshakaa. Merina alimwamkia shikamoo mjomba, akaitikiwa marahaba, halafu akampa kazi ya kwanza. Lile tabaka la kiangazi lilikuwa la gunia tu, la kushikilia nafasi. Alitaka mabua ya kweli ya mpunga uliovunwa, ya mwezi wa nane, makavu, yaliyokanyagwa na ng'ombe.

"Merina mwanangu, huu ni mwezi wa tatu. Mabua ya Agosti nitayatoa wapi?"

"Subiri, mjomba."

Basi ukipita Katindiuka miezi ile ungemkuta Leodegar ameketi mbele ya nyumba yake kwenye kiti, barua mfukoni, mpunga wa watu ukikua pande zote. Wapita njia wakimtania kwamba siku hizi ameacha kazi, hakasiriki. Huwajibu kwamba ameajiriwa, tena kwa kudumu, na hivi wanavyomwona yuko kazini, anasubiri kiangazi.